Toni 2 mikononi, kilo 80 miguuni: jibu kuhusu wahusika walioongezewa nguvu

Swali: Ninaandika igizo la pamoja na wenzangu watano, kila mmoja anamwongoza mhusika wake na tunaandika kwa zamu. Mhusika wangu ni askari wa zamani aliyebadilishwa jeni maabarani. Ana urefu wa mita 1.80 na uzito wa kilo 80. Anainua gari la toni 2, anakimbia kilomita 90 kwa saa, anaruka kutoka ghorofa ya nne bila kuumia, na majeraha yake hufunga kwa dakika chache. Mwenzangu mmoja, ambaye mhusika wake ni jitu la mita 4, amesema askari wangu hawezekani kisayansi, na tangu siku hiyo igizo limekwama. Je, sayansi inaruhusu kiasi gani, na nimtetee vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuleta vipimo. Wengi wanaoniuliza kuhusu wahusika wa namna hii huleta sifa tupu: ana nguvu za ajabu, ana mbio zisizo na kifani, hachoki. Sifa haina pa kuishika, lakini kilo, mita na sekunde zinahesabika, na watu wakishakaa kuhesabu pamoja hawana sababu kubwa ya kugombana. Kazi yangu ni biomekanika, yaani kupima jinsi kani (nguvu za kusukuma na kuvuta) zinavyopita katika mwili wa kiumbe, kwa hiyo nitakujibu kwa kuifuata kani hiyo kiungo kwa kiungo.

Nianze na hukumu ili nisikuache roho juu. Askari wako, kama ulivyomweleza, hawezekani. Na jitu la mwenzako liko mbali zaidi na uwezekano kuliko yeye. Hata hivyo, ubishi wa kinachowezekana na kisichowezekana haulifai igizo la watu sita, maana ukiufuata hadi mwisho hakuna mhusika aliyeongezewa nguvu atakayebaki amesimama. Swali linalofaa ni jingine: kani inayotoka kwenye misuli yake inapitia wapi hadi kufika ardhini, na kila kiungo inamopita kinalipa nini? Wabunifu wengi huongeza nguvu ya mkono wakasahau kwamba mkono umeshikiliwa na bega, bega na uti wa mgongo, uti na nyonga, nyonga na magoti, na magoti na nyayo ambazo nazo zinakanyaga udongo usiopitia maabara yoyote.

Tulichukue gari lako la toni 2. Tuseme askari anasimama mbele yake, anashika bampa kwa mikono miwili na kuliinua gari zima. Kabla hatujauliza kama ana nguvu za kutosha, tuulize kama atabaki wima. Kitovu cha uzito wake na cha gari, vikichukuliwa pamoja, lazima kiwe juu ya nyayo zake, la sivyo ataanguka. Uzito wa gari ukiwa hata sentimita 40 tu mbele ya vifundo vya miguu, kitovu cha pamoja kitakuwa sentimita 38 mbele, wakati vidole vya miguu yake vinaishia takriban sentimita 20. Kilo 80 zake haziwezi kusawazisha kilo 2,000. Atakachofanya ni kupinduka kifudifudi juu ya boneti, hata kama misuli yake ni ya chuma. Ndiyo maana katika mashindano ya watu wenye nguvu gari hufungiwa kwenye fremu yenye mishikio ya pembeni, ili mzigo uje usawa wa mwili wa mnyanyuaji.

Tumpe basi usawa huo kwa hila yoyote, tuje kwenye mgongo. Misuli inayonyoosha mgongo imelala sentimita 5 au 6 nyuma ya katikati ya pingili. Huo ni wenzo mfupi sana. Mzigo ulio sentimita 40 mbele unaidai misuli hiyo ivute mara 8 ya uzito wake, yaani toni 16, na diski zilizo kati ya pingili za kiuno zinabanwa na mvuto huo pamoja na mzigo wenyewe, jumla toni 18. Mwingereza Eddie Hall alipokuwa mtu wa kwanza kuinua kilo 500 kutoka sakafuni kwa mashindano, mwaka 2016, alikuwa na uzito unaozidi mara mbili wa askari wako, chuma kilikuwa kimemgusa miguu muda wote, na bado alitokwa na damu puani baada ya kuinua. Hiyo ilikuwa robo ya gari lako.

Halafu kuna ardhi, ambayo katika maigizo mengi haitajwi kabisa. Nyayo mbili za mtu mzima zinakanyaga eneo la kama sentimita 350 za mraba. Kilo 2,080 juu ya eneo hilo ni karibu kilo 6 kwa kila sentimita ya mraba, zaidi ya mara mbili ya shinikizo la tairi la gari dogo. Juu ya saruji hakuna neno. Juu ya udongo uliolowa atazama, juu ya sakafu ya mbao huenda akatoboa, na mwenzako anayeandika kuhusu mahali hapo ana haki ya kuliamua hilo.

Kusukuma ni kugumu zaidi, na hapa ndipo ninapowakamata wanafunzi wangu kila mwaka. Mtu wa kilo 80 aliyesimama kwenye sakafu kavu hawezi kusukuma kitu kwa mlalo kwa kani kubwa kuliko ile ambayo msuguano wa viatu vyake unaweza kuipinga, na msuguano huo kwa kawaida ni kama asilimia 80 ya uzito wake. Ni sawa na kuning'iniza kilo 64. Mwongezee misuli mara 100, kitakachoongezeka ni kasi ya viatu kuteleza. Akitaka kusukuma zaidi lazima aegemee ukuta, au apige mguu kwenye kingo ya barabara, au awe mzito.

Ngumi inafuata kanuni hiyo hiyo. Ukiandika kwamba amempiga adui wa kilo 80 akaruka nyuma kwa mita 7 kwa sekunde, umeandika pia kwamba askari wako, mwenye uzito uleule, anasukumwa nyuma kwa msukumo uleule. Na kwa kuwa ngumi hugusa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, msuguano wa viatu hauna muda wa kumsaidia. Wote wawili wataruka, mmoja huku mwingine kule. Binafsi naona picha hiyo inapendeza kuliko ile ya shujaa asiyetikisika, lakini hayo ni mapenzi yangu.

Sasa tuje kwenye misuli yenyewe, maana hapo ndipo neno "jeni" linapoingia. Misuli ya wanyama wenye uti wa mgongo, wakubwa kwa wadogo, hutoa kani zinazokaribiana kwa kila sentimita ya mraba ya unene, takriban nyutoni 20 hadi 30, sawa na uzito wa kilo 2 hadi 3. Watu hupenda kusema sokwe ana nguvu mara tano ya mwanadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba msuli wa sokwe unauzidi wa mwanadamu wa ukubwa uleule kwa takriban mara 1.35, na sababu kubwa ni kwamba sokwe ana nyuzi nyingi za kasi, ilhali sisi tuna nyingi za polepole zinazofaa kwa safari ndefu. Kwa maneno mengine, asili ilipomnyima binadamu nguvu ilimlipa kwa ustahimilivu. Ukimrudishia askari wako nyuzi za sokwe, sema pia kwamba atachoka mapema.

Njia ya kuongeza wingi wa misuli ipo, na inajulikana vizuri. Kuna protini inayoitwa miostatini ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isikue kupita kiasi. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani waliiondoa jeni yake kwa panya, na panya wakawa na misuli mara mbili hadi tatu ya kawaida. Ng'ombe wa aina ya Belgian Blue wana kasoro katika jeni hiyo hiyo kwa asili, na mwaka 2004 madaktari walieleza habari za mtoto mmoja nchini Ujerumani aliyezaliwa nayo, akiwa na mapaja yaliyojaa tangu siku ya kwanza. Lakini tazama malipo. Ng'ombe hao mara nyingi huzaa kwa upasuaji kwa sababu ndama ni wanene mno. Panya wasio na miostatini walipopimwa kano zao, zilikutwa ndogo, ngumu na rahisi kukatika. Mbwa wa mbio aina ya whippet wanatoa somo zuri kuliko wote: mwenye nakala moja ya jeni iliyoharibika huwashinda wenzake uwanjani, mwenye nakala mbili huwa donge la misuli ambalo halifai kwa mbio. Mfadhili wa maabara katika igizo lako bila shaka aliagiza nakala mbili. Wafadhili ndivyo walivyo.

Mifupa nayo ina mfano wake. Familia moja ya jimbo la Connecticut, Marekani, ilielezwa na madaktari mwaka 2002 kuwa na badiliko la jeni iitwayo LRP5 linalofanya mifupa iwe mizito na minene kupita kawaida. Pamoja na neema hiyo, baadhi yao waliona taabu kuelea majini. Kwa damu, kuna Eero Mäntyranta, mtelezaji wa theluji wa Ufini aliyeshinda medali 7 za Olimpiki, ambaye baadaye iligunduliwa kuwa ukoo wake una badiliko linaloufanya mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi mno. Damu ya namna hiyo hubeba oksijeni nyingi, na huwa nzito vilevile, ikiupa moyo kazi zaidi. Ukimjenga askari wako kwa vipande hivi vitatu, yaani misuli, mifupa na damu, utapata mtu mwenye nguvu sana, pengine mara mbili ya mwanariadha bora, ambaye anazama kwenye kidimbwi, anaogopa kukatika kano na hatakiwi kukaa siku nzima bila maji. Huyo ndiye anayeruhusiwa na sayansi tunayoijua. Yote yanayozidi hapo ni mkopo.

Mbio zako ndizo zimenichukua jioni nzima, kwa kuwa ndani yake mna jambo zuri. Kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde. Usain Bolt, alipoweka rekodi ya sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, alifikia kilele cha zaidi kidogo ya mita 12 kwa sekunde. Duma wa mwituni waliofungwa vifaa vya kupimia nchini Botswana, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, walifikia kilomita 93 kwa saa, ingawa mawindo yao mengi yalikuwa ya mwendo mdogo zaidi. Kwa hiyo kasi ya askari ipo duniani, ila ina mwenyewe: mnyama mwepesi wa miguu minne, mgongo unaopinda kama upinde, kucha zinazouma ardhi kama meno ya viatu vya mbio.

Mguu wa mtu unapokanyaga, mwili husogea kama mita 1 kabla mguu haujaachia. Kwa mita 25 kwa sekunde, mita hiyo inapita kwa sekunde 0.04, na katika muda huo mguu lazima usukume chini vya kutosha kuubeba mwili hadi hatua inayofuata, kwa wastani unaozidi mara 4 ya uzito wake. Mkimbiaji bora wa leo ana wastani wa kama mara mbili. Hili naweza kumsamehe mtu aliyetengenezwa maabarani. Nisiloweza kulisamehe ni joto.

Hewa humpinga mkimbiaji kwa kani inayokua kwa mraba wa kasi, na nguvu ya kuishinda hukua kwa mchemraba wake. Mtu wa kimo cha askari wako, kwa mita 25 kwa sekunde, anahitaji karibu kilowati 4.7 kwa ajili ya kupasua hewa tu, tukiacha kabisa kazi ya kurusha miguu mbele na nyuma. Misuli hugeuza kama robo ya nishati kuwa kazi. Robo tatu huwa joto. Kwa hiyo mwili unachoma takriban kilowati 19, na karibu 14 kati ya hizo zinabaki ndani kama moto. Kilo 80 za nyama na maji hupanda nyuzijoto 1 kwa kila sekunde 20 za moto huo. Akianza na nyuzi 37, baada ya dakika moja yuko kwenye 40, na baada ya mbili yuko kwenye 43, ambako ubongo hauna matumaini. Jasho halimwokoi: ili lipoze kiasi hicho ingebidi zikauke juu ya ngozi lita 20 kwa saa, na mtu anayetoka jasho sana hutoa 2 au 3. Oksijeni nayo haimtoshi, kwani angehitaji kama lita 57 kwa dakika na wanariadha bora hutumia kama 6.

Usiyaone hayo kama pingamizi. Sekunde 30 kwa kasi hiyo ni mita 750, na atakuwa amepanda nyuzi moja na nusu tu. Ni tukio gani katika igizo lenu linalohitaji zaidi ya mita 750? Mpe hizo sekunde 30, halafu mpe dakika 15 za kuhema akiwa amelowa, uso umemwiva, akitafuta kivuli au maji ya kujimwagia. Wenzako wakijua hesabu hiyo, watajua pia kwamba njia ya kumshinda si kumzidi mbio bali kumlazimisha akimbie mara mbili.

Kuna jingine linalosahauliwa, nalo ni kusimama na kukata kona. Kwa kasi ile, juu ya lami kavu na viatu vizuri, anahitaji kama mita 32 ili asimame, na hawezi kupinda ndani ya duara lenye nusu-kipenyo kilicho chini ya mita 60 hivi. Akiingia kwenye ujia wa jengo atagonga ukuta. Mara moja nilikuwa mwamuzi wa igizo ambalo mhusika wa mbio kama huyu alikuwa amewatesa wengine kwa wiki nzima, hadi mchezaji mmoja mpole, ambaye mhusika wake alikuwa mzee mpiga ramli, alipoandika kwamba mzee amejisogeza hatua mbili nyuma ya nguzo. Hesabu ilifanyika mbele ya wote. Nguzo ilishinda.

Kuruka kutoka ghorofa ya nne, tuseme mita 12, ni hesabu fupi kuliko inavyotisha. Atafika chini na kasi ya mita 15 kwa sekunde. Akikunja magoti na nyonga vizuri ana nusu mita ya kujipunguzia kasi, na ukigawa 12 kwa nusu unapata 24: wastani wa mara 24 ya mvutano wa dunia. Kwa kilo 80 hiyo ni karibu toni 2, toni moja kwa kila mguu. Mfupa wa paja ukishindiliwa wima hubeba toni kadhaa, kwa hiyo hauko kwenye hatari ya kwanza. Magoti, kano na kisigino ndivyo vinavyotangulia kusalimu amri. Tuseme maabara iliviimarisha. Bado ini limening'inia, mshipa mkuu wa damu umening'inia, na ubongo unaelea ndani ya fuvu. Mwaka 1954 daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Stapp, alifungwa kwenye kiti cha gari la roketi na kusimamishwa kutoka zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa kwa sekunde 1.4; alipata zaidi ya mara 46 ya mvutano wa dunia, akapona, ila mishipa ya macho yake ilivuja damu na kwa muda hakuona. Yeye alikuwa amefungwa mikanda kila mahali na kani ilimjia kifuani, upande ambao mwili unastahimili zaidi. Basi askari aruke, akijua kwamba akitua miguu imekakamaa na nafasi ya kujikunja ni sentimita 5 tu, ile 24 inakuwa 240, na hapo hakuna jeni la kumsaidia. Kila kuruka kuwe na swali la ametua vipi.

Kuhusu majeraha nitakuwa mkali. Seli ya mwanadamu inayogawanyika kwa haraka huchukua karibu siku nzima kuwa seli mbili. Kidonda hujengwa kwa seli mpya, na seli hujengwa kwa protini na nishati vinavyotoka kwenye chakula. Kufunga kwa dakika chache ni uchawi, na ikiwa igizo lenu halina uchawi, liondoe. Unaweza kubaki na viwili. Cha kwanza, damu yake igande haraka sana, jeraha liache kuvuja kwa sekunde. Malipo yake ni hatari ya damu kuganda mahali isipotakiwa, mguuni, mapafuni au kichwani, hasa baada ya kukaa sana. Cha pili, kupona kwake kuwe mara 10 ya kawaida, mfupa unaochukua wiki 6 uchukue siku 4. Katika siku hizo ana homa, analala, na anakula chakula cha watu watatu au wanne. Na tena daktari yeyote ndani ya igizo ajue kwamba mwili unaoruhusu seli kugawanyika ovyo umekaribisha saratani.

Hukuuliza kuhusu macho na masikio, lakini najua yatafuata. Jicho la mwanadamu tayari liko karibu na mpaka unaowekwa na mwanga wenyewe. Ili mtu asome gazeti lililo umbali wa kilomita 1 angehitaji mboni yenye upana wa zaidi ya mita 1.5. Risasi ya bastola ikifyatuliwa kutoka mita 20 inafika kwa sekunde 0.06 hivi, na kanuni za riadha humhesabu mkimbiaji aliyeanza chini ya sekunde 0.1 baada ya mlio kuwa ameanza kabla ya wakati, kwa sababu mwili hauwezi kuitikia mapema hivyo. Anayekwepa risasi amemwangalia mpigaji bega na kidole. Hilo linaruhusiwa, na linampa adui nafasi ya kumhadaa.

Sasa jitu. Nisingelitaja kama mwenzako asingekuwa wa kwanza kuita sayansi. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alieleza mwaka 1638 kwa nini mnyama hawezi kukuzwa tu bila kubadilishwa umbo: uzito hukua kwa mchemraba wa kimo, lakini unene wa mifupa, ambao ndio unaobeba, hukua kwa mraba. Mtu wa mita 1.80 na kilo 80 akikuzwa hadi mita 4 huwa na kilo 880 hivi juu ya mifupa iliyonenepa mara 5 tu, kwa hiyo kila sentimita ya mfupa inabeba zaidi ya mara mbili ya mzigo wake wa zamani hata akiwa amesimama bila kufanya lolote. Robert Wadlow wa Marekani, mtu mrefu kuliko wote waliothibitishwa kupimwa, alifikia mita 2.72. Alitembea kwa vyuma vya kushikiza miguu, na alifariki mwaka 1940 akiwa na miaka 22 kutokana na lengelenge la mguuni lililosababishwa na chuma hicho likaingia vijidudu. Jitu la mita 4 litakuwa na miguu kama ya tembo, halitaruka, na likianguka kifudifudi litaumia vibaya, maana kichwa chake kinashuka kutoka juu zaidi. Lina faida moja ambayo askari wako hana kabisa: uzito. Likisukuma, viatu vyake havitelezi kwa kilo 64 bali kwa 700.

Kwa hiyo msitetee, pangeni. Kabla ya zamu inayofuata, kila mmoja aandike kwa wenzake jambo moja ambalo mwili wa mhusika wake unalo na sayansi hailijui, na kundi likubali bila kudai maelezo. Kwa askari wako ningependekeza kano na gegedu zisizokatika, kwa kuwa hapo ndipo kani zake zote zinapokwama. Kwa jitu, mifupa. Baada ya ruhusa hiyo moja, hakuna msamaha mwingine: msuguano, joto, uzito na muda vinabaki kama vilivyo kwa kila mtu, na yeyote katika kundi anaweza kuvidai. Epuka kujibu dai kwa kutaja maabara, jeni au mashine ndogo zilizomo ndani ya damu, maana maneno hayo hayaongezi hata nyutoni moja ya msuguano na humfanya mwenzako ajione anadanganywa. Tena malipo yaonekane ndani ya zamu yenyewe, mahali ambapo mwingine anaweza kuyashika, yasibaki kwenye maelezo ya mhusika ambayo hakuna anayeyarudia.

Ukikubali kumpunguza kidogo, tukio la gari lingeweza kuandikwa hivi, na gari likiwa limeelemea upande mmoja wa mtaro ili ukingo ubebe nusu ya uzito:

"Aliteremka mtaroni akaingiza mabega chini ya fremu, akatafuta kwa mgongo sehemu isiyokunjika, akaanza kusimama taratibu. Tope lilimfika kwenye vifundo. Alipofika wima alianza kuhesabu kwa sauti ili walio juu wamsikie. Kwenye tano macho yalizibwa na jasho. Kwenye saba mguu wa kushoto uliteleza upana wa kidole. 'Nina sekunde nyingine nane,' alisema, 'na nikilitua silinyanyui tena leo.'"

Toni 1 kwa sekunde 15, mgongoni, akiwa amezama topeni na haoni. Mwenye jitu akisoma zamu hiyo ana mambo ya kufanya: anaweza kumtuma jitu ashike upande wa pili kwa uzito wake wa kilo 880, au amvute majeruhi kwa mkono wenye urefu wa karibu mita 2, au, kama wahusika wenu bado ni maadui, asimame tu ukingoni ambako udongo uliolowa hautachukua muda kuanza kumomonyoka chini yake.